Shirley Temple Alipotaka Kuchekesha Akiwa Mtu Mzima

Mwezi Novemba mwaka 1949 kampuni ya United Artists ilitoa filamu ya vichekesho iitwayo A Kiss for Corliss. Nyota wake alikuwa Shirley Temple. Wakati huo Shirley alikuwa na umri wa miaka 21. Alikuwa na miaka minne ndani ya ndoa, na binti ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili. Ndoa yenyewe ilikuwa ukingoni, na mwezi uliofuata mahakama ilimpa talaka. Lakini humo ndani ya filamu yeye ni Corliss Archer, mwanafunzi wa sekondari anayeishi kwa baba na mama, anayejaza shajara yake mapenzi ya kubuni kati yake na bwana mmoja wa makamo, mpenda starehe, ambaye ni David Niven. Shajara inaangukia mikononi mwa watu, baba anapandwa na hasira, maneno yanaenea mtaani. Watazamaji walitarajiwa kuvunjika mbavu. Hawakucheka kiasi cha kuiokoa filamu, na baada ya hapo Shirley Temple hakuonekana tena katika filamu yoyote ya sinema maisha yake yote.

Wengi wanaolijua jina lake wanamkumbuka yule mtoto wa nywele za kujikunja aliyeimba na kucheza ngoma ya viatu vya chuma miaka ya dhiki kuu ya uchumi Marekani. Wachache wanajua kwamba kati ya 1942 na 1949 alicheza zaidi ya filamu kumi kama msichana na kisha kama mwanamke, na kwamba sehemu kubwa ya jitihada hizo ilikuwa vichekesho. Wanaoisimulia miaka hiyo huisimulia kwa ufupi: mtoto alikuwa anapendeza, akakua, mvuto ukamwisha. Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Yanamtupia lawama msichana, na yanawaachia waliokuwa na kalamu, mikataba na pesa watoke pembeni bila kuulizwa kitu.

Turudi mwanzo. Shirley alizaliwa tarehe 23 Aprili 1928 huko Santa Monica, California. Baba yake, George, alikuwa mfanyakazi wa benki. Mama yake, Gertrude, ndiye aliyekuwa na ndoto ya kumwona binti jukwaani. Mwaka 1931 alimpeleka shule ya ngoma ya Meglin mjini Los Angeles, na hapo ndipo mwongozaji Charles Lamont wa kampuni ndogo ya Educational Pictures alipomwona na kumchukua. Kazi ya kwanza aliyopewa ni jambo la kulitafakari: mfululizo wa filamu fupi za kama dakika kumi zilizoitwa Baby Burlesks, ambamo watoto wadogo waliigiza filamu maarufu za watu wazima. Juu walivaa mavazi ya kikubwa, chini nepi zilizofungwa kwa pini kubwa. Katika War Babies ya 1932 Shirley, mtoto wa miaka minne, ni mwanamke wa baa ya Ufaransa anayegombewa na wanajeshi. Katika Kid in Africa ni mmisionari anayetekwa na “wala watu”, na hao wala watu ni watoto Weusi waliovishwa majani. Malipo ya Shirley yalikuwa dola 10 kwa siku. Mtoto aliyeleta ukorofi kazini alifungiwa ndani ya kijumba cheusi cha mafundi wa sauti, hamna pa kukaa ila juu ya bonge la barafu. Shirley mwenyewe aliyaeleza haya katika kitabu cha maisha yake alichokichapisha mwaka 1988, bila kulalamika sana, na pengine ndiyo maana yanauma zaidi kuyasoma.

Kwa hiyo kichekesho cha kwanza alichofundishwa kilitegemea jambo moja tu, kwamba yeye si mtu mzima. Mtoto anajifanya mkubwa, wakubwa wanacheka. Kichekesho hicho ndicho kilichomfuata hadi 1949.

Mwaka 1934 kampuni ya Fox ilimchukua, na umaarufu wake ukapanda kwa kasi ambayo hata wenye studio hawakuitarajia. Mwezi Desemba mwaka huo ilitoka Bright Eyes, filamu iliyoandikwa mahususi kwa ajili yake. Februari 1935 alipewa tuzo maalumu ya watoto ya Oscar, ya kwanza ya aina yake, akiwa na umri wa miaka sita. Kuanzia 1935 hadi 1938, miaka minne mfululizo, hakuna nyota wa Hollywood aliyeuza tiketi kumzidi, awe mwanamume au mwanamke. Wanasesere wenye sura yake walijaa madukani. Mama yake alimsuka kila usiku vishungi 56, havikuzidi wala kupungua, ili kichwa chake kionekane vilevile katika kila filamu. Mwaka 1935, katika The Little Colonel, alipanda ngazi akicheza ngoma sambamba na Bill Robinson, mchezaji mkubwa Mweusi. Watu wa rangi mbili kushikana mikono na kucheza pamoja lilikuwa jambo ambalo sinema ya Hollywood haikuwahi kulionyesha, na huko kusini mwa Marekani kuna kumbi ambako kipande hicho kilikatwa.

Fox iliyoungana na Twentieth Century mwaka huohuo ilikuwa chini ya Darryl Zanuck, na Zanuck alijua mali aliyoishika. Aliunda timu ya waandishi 19 ambao kazi yao ilikuwa kumtungia Shirley hadithi. Naomba msomaji aishike namba hiyo. Watu wazima 19 walikaa wakifikiria mtoto mmoja afanye nini, aimbe wapi, alie lini, amsuluhishe nani na nani. Mtoto yatima, au aliyefiwa na mama, anaingia katika nyumba ya mzee mwenye moyo mgumu, na kabla filamu haijaisha moyo umelainika. Walilirudia umbo hilo mara nyingi, lakini walilirudia kwa ufundi.

Jambo ambalo Zanuck hakulitaka ni mtoto huyo kukua. Hata umri wake ulipunguzwa mwaka mmoja. Shirley aliambiwa ukweli katika sherehe ya siku yake ya kuzaliwa mwaka 1941: alidhani anatimiza miaka 12, mama yake akamwambia ni 13. Studio ilijua kwamba kila mwezi unaopita bidhaa yake inarefuka kimo, na badala ya kujiandaa kwa hilo iliamua kulificha. Mwaka 1940 ikatoka The Blue Bird, filamu ya ndoto na vitu vya ajabu iliyokula fedha nyingi, ikaanguka. Ikafuata Young People, nayo ikaanguka. Wazazi wake wakaununua mkataba uliobaki, Shirley akaondoka Fox akiwa na umri wa miaka 12, akapelekwa shule ya wasichana ya Westlake. Huko, kwa maelezo yake mwenyewe, ilimbidi ajifunze namna watoto wengine wanavyoishi.

Kampuni ya MGM ilimjaribu mwaka 1941 katika filamu moja, Kathleen, kisha ikaachana naye. Mwaka uliofuata United Artists ikamweka katika Miss Annie Rooney, na hapo ndipo mtindo wa miaka iliyofuata ulipoanza. Kilichotangazwa kwa watu kilikuwa busu. Shirley Temple atabusiwa kwa mara ya kwanza! Mbusu alikuwa Dickie Moore, naye nyota mtoto wa zamani, na busu lenyewe lilikuwa la shavuni. Moore, ambaye baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu nyota watoto wa kizazi chake, alisema hata yeye alikuwa hajawahi kubusu msichana. Ukiitazama leo, unaona watoto wawili wamesimama wima kama wanaopigwa picha ya kitambulisho. Busu lilitangazwa sana, ila filamu haikupata watu.

Mwaka 1944 akaingia mikononi mwa David O. Selznick, mtayarishaji wa Gone with the Wind. Hii ndiyo iliyopaswa kuwa bahati yake. Katika Since You Went Away na I’ll Be Seeing You, zote za mwaka huo, alicheza msichana wa nyumbani wakati wa vita, nafasi ndogo, na alizicheza kwa utulivu uliowashangaza waliodhani hana zaidi ya vishimo vya mashavuni. Lakini Selznick wa miaka hiyo alitengeneza filamu chache. Biashara yake nyingine ilikuwa kuwakodisha nyota waliokuwa chini ya mkataba wake kwa studio nyingine, na tofauti ya malipo ikabaki kwake. Shirley akawa mtu wa kuazimwa. Leo yuko Columbia, kesho RKO, keshokutwa Warner. Aliyemwazima alihitaji jina lake kwenye bango kwa wiki chache, hakuwa na sababu ya kufikiria atakuwa nani miaka mitano mbele. Wale waandishi 19 hawakuwa na warithi.

Kukodishwa kwa kwanza kwa maana kulizaa matunda, na hilo ndilo linalofanya hadithi hii isiwe nyepesi. Mwaka 1945 Columbia ilimpa Kiss and Tell, iliyotokana na mchezo wa F. Hugh Herbert uliokuwa umependwa sana Broadway, na mwongozaji alikuwa Richard Wallace. Corliss Archer ni msichana wa miaka 15 hivi. Kaka yake, ambaye ni mwanajeshi, amemwoa kwa siri binti wa jirani, na familia hizo mbili zimekosana. Binti huyo anapata mimba. Corliss amekula kiapo cha kutunza siri, anamsindikiza wifi yake kwa daktari wa wajawazito, na nani wanaonekana pale mlangoni? Mtaa mzima unaamini mjamzito ni Corliss. Baba anakaribia kupasuka, mama analia, na kijana wa jirani anayempenda, Dexter, anajikuta anabebeshwa mzigo asioujua.

Nawashauri wanaopenda ufundi wa vichekesho waitafute filamu hii. Shirley ana miaka 16 wakati inapigwa, na anajua jambo ambalo waigizaji wengi wa rika lake hawalijui: kusubiri. Anapoulizwa swali ambalo akilijibu kwa ukweli atavunja kiapo, na akilijibu kwa uongo atajiangamiza, hakimbilii jibu. Anaacha swali litue, macho yanahama kutoka kwa baba kwenda kwa mama, kisha anatoa neno moja la hapa na pale linaloweza kueleweka namna mbili. Huo ni ufundi wa mtu aliyesimama mbele ya kamera tangu akiwa na miaka mitatu. Watu walijaa kumbini, na Selznick na Columbia wakafurahi.

Lakini angalia kinachochekesha hapo. Kicheko chote kinasimama juu ya uhakika wa mtazamaji kwamba binti huyu hana hatia. Tunajua hana mimba. Zaidi ya hapo, tunajua kwamba Shirley Temple hawezi kuwa na mimba. Mzaha unamhitaji awe mtoto, na watu wazima ndani ya filamu wawe wajinga kwa kumdhania mkubwa. Ni kichekesho kilekile cha nepi na pini, sasa kimeshonewa nguo nzuri zaidi.

Wiki chache kabla filamu hiyo haijatoka, tarehe 19 Septemba 1945, Shirley aliolewa na John Agar, askari wa jeshi la anga aliyekuwa na sura ya sinema, katika kanisa la Wilshire Methodist mjini Los Angeles. Bibi harusi alikuwa na miaka 17. Maelfu ya watu walifurika barabarani kumwona. Selznick akampa na bwana harusi mkataba wa uigizaji. Tangu siku hiyo tatizo likawa wazi kwa kila mwandishi wa filamu aliyekaa mezani: nyota wake ni mke wa mtu, nchi nzima imeona picha za harusi, lakini kichekesho kinachouza ni cha msichana asiyejua dunia.

RKO ilijaribu kulikabili tatizo hilo moja kwa moja mwaka 1947 kwa filamu iliyoitwa Honeymoon, yaani fungate. Shirley ni msichana wa Kimarekani anayekwenda Mexico City kufunga ndoa na mwanajeshi aliyepewa likizo ya siku chache, naye akiwa ni Guy Madison. Mipango inavurugika, na bibi harusi anamng’ang’ania afisa wa ubalozi mdogo wa Marekani, Franchot Tone, hadi anamharibia kazi na uchumba wake. Kwenye karatasi ni vichekesho halali: haraka, vikwazo, watu wasioeleweana. Kwenye skrini hakuna kinachoshika, nami nadhani sababu inaonekana. Mwanamke anayesubiri usiku wa ndoa ni mtu mzima mwenye hamu zake, na kichekesho cha aina hiyo hakisimami bila mtazamaji kukubali hamu hizo. Waandishi hawakuthubutu kumpa Shirley hamu yoyote. Wakampa ukaidi wa mtoto aliyenyimwa peremende. Matokeo ni bibi harusi anayekera, na filamu iliitia RKO hasara.

Mwaka huohuo RKO hiyohiyo ikapata filamu iliyovuma kwelikweli, The Bachelor and the Bobby-Soxer. Sidney Sheldon, ambaye baadaye alijulikana dunia nzima kwa riwaya zake, aliiandika na kupata Oscar. Shirley ni Susan, mwanafunzi anayemsikiliza msanii Cary Grant akitoa mhadhara shuleni kwao, na ghafla anamwona amevaa mavazi ya chuma yanayong’aa kama shujaa wa hadithi za kale. Anajipenyeza nyumbani kwake usiku. Dada mkubwa wa Susan ni hakimu, Myrna Loy, na hukumu inayofuata ni ya ajabu: Grant atembee na binti huyo hadharani hadi mapenzi yamtoke mwenyewe. Kuna tukio la mashindano ya pikiniki, na kuna lile la meza ya klabu ya usiku ambapo kila mgombanaji anafika mmoja baada ya mwingine hadi meza inakuwa uwanja wa vita. Ni filamu nzuri, nami huicheka kila ninapoitazama.

Tatizo ni kwamba kicheko ni cha Grant. Shirley ndiye anayeanzisha balaa, Grant ndiye anayelipata usoni, na kwa upande wa mapenzi mwanamke anayehesabiwa ni Loy. Vivyo hivyo mwaka 1949 alipokodishwa kurudi kwa Fox ya zamani katika Mr. Belvedere Goes to College. Mara hii alipewa nafasi ya utu uzima, mjane wa vita mwenye mtoto anayesomea uandishi wa habari, ila aliyeshika filamu nzima ni Clifton Webb na ulimi wake mkali. Filamu iliuza vizuri sana. Shirley angeweza kutolewa na kuwekwa mwingine, na mapato yasingetikisika.

Ukizipanga hivyo, unaona kilichokuwa kikitokea. Alipokuwa msindikizaji, filamu ilifaulu. Ilipowekwa begani mwake kama mwanamke, ilianguka. Wenye studio walisoma hapo kwamba hawezi. Mimi nasoma kwamba katika hizo za begani mwake hakuna hata moja iliyoandikwa kwa ujasiri ambao Sheldon aliutumia kwa Grant.

Nje ya vichekesho hali ilikuwa hiyohiyo, na mfano mmoja unatosha. Warner walimweka katika That Hagen Girl mwaka 1947, filamu ya huzuni kuhusu binti anayesingiziwa kwamba ni mtoto wa nje wa mwanasheria mmoja, na mwanasheria huyo, aliyechezwa na Ronald Reagan, mwishowe anakuwa mpenzi wake. Reagan alisimulia baadaye kwamba filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio, alipofika kwenye maneno ya kumwambia Shirley kwamba anampenda, ukumbi mzima uliguna kwa kukataa, na maneno hayo yakakatwa. Watu waliokuwa wamemlea binti huyu kwa tiketi zao walisimama kama wajomba mlangoni. Si filamu iliyochekesha, na bado ndiyo inayoeleza kwa nini vichekesho vyake vilikuwa vigumu. Huwezi kuchezea mapenzi mbele ya watu wanaojiona ni walezi wako.

Isipokuwa kwa mwongozaji John Ford. Katika Fort Apache ya 1948, ambayo haimo katika kundi la vichekesho, Ford alimpa nafasi ya binti wa kamanda, akamwoanisha na mumewe Agar, na katika pembe za filamu hiyo ya vita kuna vichekesho vyepesi vya kuchumbiana. Anakitazama kioo kidogo ili amwone kijana aliyeko nyuma yake. Ni dakika chache tu, na ndani yake yuko mwanamke mchangamfu asiyeomba ruhusa. Inaniuma kwamba hakuna aliyeuona mlango huo na kuupitia.

Mwaka 1949 RKO ikatoa Adventure in Baltimore, chini ya Richard Wallace yuleyule. Hii naihurumia kuliko zote, kwa kuwa wazo lake lilikuwa zuri. Ni mwaka 1905. Dinah, binti wa mchungaji, anataka kuwa mchoraji na anaunga mkono haki ya wanawake kupiga kura. Mchoro wake unazua kashfa mtaani na kumtia baba yake matatani kanisani. Baba ni Robert Young, kijana wa jirani ni Agar. Kwa mara ya kwanza kichekesho kilimpa Shirley kitu cha kutaka ambacho hakikuwa mwanamume. Kama kalamu ingeshikilia hapo, huenda tungezungumza mengine. Lakini filamu inaogopa jambo lake lenyewe, kila Dinah anapopata nguvu inamrudisha kuwa binti mtundu wa baba mvumilivu, na mwisho anaridhia ndoa. Watazamaji hawakufika. RKO ilipoteza fedha, safari hii nyingi zaidi.

Hapo ndipo ilipokuja ile ya Corliss, na sasa msomaji anaweza kuiona ilivyokuwa. Walikuwa wamejaribu kumfanya bibi harusi, mjane na mpigania haki, kila mara kwa woga, kila mara kwa kuazima. Waliposhindwa waliyarudia ya 1945: mhusika yuleyule, mwongozaji yuleyule, mzaha uleule wa mtaa unaomdhania binti asiye na hatia. Kilichobadilika ni Shirley. Anayesubiri swali kabla ya kujibu sasa ana uso wa mtu aliyelala macho na mtoto mchanga na kungoja mume usiku. Ufundi upo, ila mtazamaji hawezi tena kuamini kwamba Corliss hajui anachokiandika kwenye shajara.

Selznick, ambaye naye alikuwa anaelekea kufilisika, alimpa ushauri wake wa mwisho: ahame nchi, akajifunze uigizaji upya Ulaya, ikibidi abadilishe jina. Nimeufikiria ushauri huo mara nyingi. Una ukweli ndani yake, kwa maana jina ndilo lililokuwa kikwazo. Lakini aliyeusema ndiye aliyekuwa ameliuza jina hilo studio hadi studio kwa miaka mitano, na hakuwahi kuajiri mwandishi mmoja amtungie Shirley Temple mkubwa filamu yake. Shirley hakwenda. Mwaka 1950 alijaribiwa kwa nafasi ya Peter Pan, yule mvulana asiyekua, katika maonyesho ya Broadway. Jean Arthur ndiye aliyeicheza.

Kwamba ingewezekana kufanya vingine, MGM ilithibitisha mwaka huohuo. Elizabeth Taylor, naye nyota mtoto, aliyejulikana tangu National Velvet ya 1944, alivaa shela katika Father of the Bride, vichekesho vilivyopendwa mno. Kicheko ni cha Spencer Tracy, aliyecheza baba, ni kweli. Tofauti ni kwamba studio moja ilikuwa imemlea Taylor kwa miaka mfululizo, ikawazoesha watu hatua kwa hatua kumwona anakua, na mwaka uliofuata watu wakamwona katika A Place in the Sun. Mzaha wa Father of the Bride ni baba asiyetaka kukubali kwamba binti amekua, na filamu iko upande wa binti. Filamu za Shirley zilikuwa upande wa baba.

Mwaka 1950 ulikuwa na jambo jingine. Baada ya kuachana na Agar alikutana na Charles Black huko Hawaii, ofisa wa zamani wa jeshi la majini ambaye, kwa maelezo ya Shirley, hakuwa ameona hata filamu yake moja. Walioana tarehe 16 Desemba 1950, na siku hiyo hiyo Shirley akatangaza kwamba ameacha sinema. Ndipo walipokaa na kukagua hesabu. Zaidi ya dola milioni 3 zilikuwa zimeingia kwa jasho lake tangu akiwa mtoto. Zilizobaki kwa jina lake zilikuwa kama dola 44,000. California ilikuwa na sheria ya kulinda mapato ya watoto tangu 1939, iliyotungwa baada ya Jackie Coogan, yule mtoto wa filamu ya Charlie Chaplin, kukuta fedha zake zimeliwa na mama yake na baba yake wa kambo. Sheria hiyo ilivuja kama chujio, na ilichukua hadi mwaka 2000 kwa jimbo kutamka bayana kwamba anachokichuma mtoto ni mali ya mtoto. Shirley hakumshitaki baba yake. Alisema hakuwa na kinyongo naye.

Maisha yake ya baadaye yanajulikana zaidi Afrika na Ulaya Mashariki kuliko katika vitabu vya sinema. Alirudi kwenye televisheni mwaka 1958 akisimulia hadithi za watoto. Mwaka 1967 aligombea ubunge akashindwa. Mwaka 1969 Rais Nixon alimteua katika ujumbe wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa. Mwaka 1972, alipoondolewa titi kwa sababu ya saratani, alilizungumza jambo hilo hadharani wakati ambapo wanawake mashuhuri walikuwa wakilificha. Kuanzia mwishoni mwa 1974 hadi 1976 alikuwa balozi nchini Ghana, na mwaka 1989 alifika Prague kama balozi miezi michache kabla ya utawala wa kikomunisti kuanguka huko. Washington walipotangaza uteuzi wa Accra, magazeti mengi ya Marekani yaliandika habari hiyo kwa utani wa vishungi na mdoli. Alikuwa na miaka 46. Alikwenda kazini.